Tikisa Waya

"Tikisa waya kabla ya kufungua injini." Mmemsikia fundi akimwambia mwenzake hivyo mkacheka, vijana, mkidhani ni maneno ya gereji tu. Methali hii ilianza hivi.

Huko Rungwe, Subilaga aliolewa na Ambakisye, dereva wa pikapu. Kwa desturi ya kwao wakati ule, mkamwana hasemi na baba mkwe wala hamtazami usoni. Subilaga alikaa miaka minne katika ua wa Mzee Kasyupa, na mzee hakuisikia sauti yake hata siku moja.

Asubuhi moja ya masika, Ambakisye akiwa msibani Kyela, mtoto wao Lugano alishikwa na degedege. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu, lakini pikapu ilikuwapo uani. Mzee Kasyupa, aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya chai kwa miaka thelathini, akazungusha ufunguo. Pikapu ikatoa "tk" moja, ikanyamaza.

"Injini imekamata, haizunguki," akasema, akafungua boksi la spana.

Subilaga, amejifunika kanga nyuma ya migomba, alijua kuwa haikukamata. Kila ilipofanya vile, mumewe alifungua boneti, akatikisa waya wa betri, wakaondoka. Akamnong'oneza mama mkwe.

"Baba Ambakisye," mama akaita, "mkamwana wako anasema utikise waya wa betri."

Mzee hakugeuka. "Tangu lini chungu kikaifundisha spana? Mwambie akoroge uji."

"Kutikisa tu. Mkono utakatika?"

"Nikitikisa leo, kesho atanifundisha kuoa."

Subilaga alifumbua mdomo. Neno "Baba" lilifika kwenye ulimi, desturi ikalirudisha.

Saa sita mchana silinda hedi, kifuniko cha injini, ilikuwa imelazwa juu ya gunia, na pistoni zilikuwa safi, hazina kosa. Subilaga alimfunga mtoto mgongoni akashika njia, mvua ikimnyeshea. Kwenye daraja la pili alihisi mgongo wake umepoa.

Ambakisye alirudi kwa mazishi ya mwanawe. Walipotoka makaburini aliiendea pikapu, akafungua swichi ya taa, akautikisa waya wa betri kwa mkono mmoja. Taa za mbele zikawaka mchana kweupe. Silinda hedi ilikuwa bado juu ya gunia.

Waombolezaji wote mkekani waliziona zile taa. Subilaga akainuka, akaondoa kanga usoni, akamtazama mkwewe machoni.

"Baba," akasema, bila kupaza sauti, "tikisa waya kabla ya kufungua injini."

Hakuna mzee aliyemkemea. Naye Kasyupa akaitazama mikono yake yenye grisi. Subilaga akajifunika tena, akaketi. Hakusema naye tena mpaka mzee alipozikwa.

Tikisa waya kabla ya kufungua injini. Haya, sasa chekeni.