Taa Isiyonguruma

Wahenga hawakukosea waliposema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Ukimfuata kwa fimbo, nyoka hujichimbia ndani zaidi, nawe unabaki kulichapa shimo. Mwenye ulimi wa upole hukipata kile ambacho mwenye mabavu amekikosa, na anayebisha na akamuulize Octave.

Octave na mwenzake Aline walifanya kazi katika shirika dogo la fedha mtaani Kimanga. Kazi yao ilikuwa kuvishawishi vyama vya akiba viondoe fedha zao katika biashara ya petroli na kuziweka katika nishati ya jua. Chama cha wavuvi wa Kalundu kilikuwa na hisa nono katika depo moja ya mafuta, na mkutano mkuu ulikuwa umekaribia. Wanachama wangeamua: ama wazitoe hisa zao, ama wazifunge kwa miaka mingine mitano ili depo ijenge tangi jipya.

Octave alikwenda Kalundu jioni ya giza la mwezi, saa ambayo wavuvi wanapakia nyavu kwenda ziwani. Akawasimamisha ufukweni, akawafunulia michoro yake, akawaambia kwamba wao ndio wanaoiua dunia. Mwenyekiti wao, Papa Marcellin, mzee mwenye kifua kama pipa, alimtazama juu hadi chini.

"Weye unaona dunia mu karatasi," akamwambia. "Sisi tuko tunaenda kutafuta chakula ya batoto. Pisha!"

Octave alirudi Kimanga amenywea kama kuku aliyenyeshewa. "Wale ni vichwa vigumu," akamwambia Aline. "Tuwaache."

Aline hakuweza kuwaacha. Alizaliwa Kavimvira, na nyumba ya mama yake ilikuwa imemezwa na ziwa lililofurika kwa mvua za siku hizi zisizo na adabu. Alijua kwamba moshi wa dunia nzima una mkono katika mvua zile, na kwamba akiba ya Kalundu nayo ilikuwa ikiulisha moshi huo. Jambo hilo lilimkaa moyoni kama mwiba. Lakini alijua pia kwamba mtu uliyemtukana hakusikilizi. Akasubiri mbalamwezi, siku ambazo taa hazivuti samaki na wavuvi hupumzika, kisha akaenda mchana kwa Papa Marcellin bila hata karatasi moja.

Alimkuta uani akishona wavu pamoja na mkewe, Mama Ernestine, akajitambulisha kuwa ni mwenzake Octave.

"Karibu, mwanangu. Na weye umekuja kunigombeza?"

"Hapana, Papa. Nimekuja kusikiliza. Baliniambia kama ni weye ulileta moteri ya kwanza ya kuwasha taa hapa Kalundu."

Lo! Uso wa mzee ulichanua. Akaiweka sindano chini.

"Ni minye! Mbele tulikuwa na taa za kupiga pampu, zinalia shii usiku muzima. Nilipoleta moteri na balbu, bazee balinicheka mpaka machozi. Eti ndagala, bale samaki badogo, banakuja sababu ya ile shii. Eti balbu hailie, samaki batasikia nini?"

"Na ndagala balikuja, Papa?"

"Balikuja? Mutumbwi ulitaka kuzama!"

Mama Ernestine akakohoa. "Lakini baba, si ni weye ulisema juzi taa za jua haziwezi kazi, sababu ndagala bamezoea kunguruma ya moteri?"

Mzee akaiokota tena sindano yake. Octave angekuwepo, angelirukia neno hilo kama paka aliyeona dagaa. Aline alitabasamu tu.

"Papa, batu ba Kalundu balikufuata siku ile, na hata leo banakufuata weye. Minye siwezi kubavusha. Weye unaweza."

Hakuwa akimvika mzee kilemba cha ukoka. Kila neno alilimaanisha. Akamsimulia habari ya nyumba ya mama yake, bila kumlaumu mtu. Akaeleza jinsi fedha zile zingeweza kuwakopesha wanachama taa za jua, mtumbwi baada ya mtumbwi. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Aline alidhani analia, kumbe anacheka.

"Bazee bale balikufa," akasema akijifuta macho, "kumbe minye ndiye nimebaki muzee wa kucheka taa mupya!"

Siku ya mkutano, ukumbi ulijaa pomoni. Papa Marcellin akasimama, akasimulia kisa cha taa za pampu hadi watu wakashika mbavu, kisha akatangaza kwamba wakati wa kutoa hisa kwenye mafuta umefika. Mikono ikainuliwa kila upande, na tangi jipya likakosa mfadhili.

"Mwenyekiti, hii akili ulitoa wapi?" mmoja akauliza.

"Iko mu kichwa yangu tangu zamani," akajibu bila haya. Mama Ernestine nusura aanguke kwenye benchi kwa kicheko.

Octave, aliyekaa nyuma na Aline, alitaka kuinuka aseme ukweli. Aline akamvuta shati. "Acha iwe yake," akanong'ona, huku furaha ikimtoa machozi. Vigelegele vikarindima, wanawake wakacheza hadi barabarani, na Octave akacheza nao akikiri kwa sauti kwamba kweli, maneno matamu humtoa nyoka pangoni.