Kanga ya Mama wa Darajani

Siku ile njiani walikuwa sita: Tumpe, mume wake Asajile, mama mkwe wake, Bibi Subilaga, ambaye magoti yalishaanza kumkataa, Lusajo wa miaka minane, Tusekile wa miaka mitano, na kichanga Ipyana, miezi mitatu tu. Hawakutembea kwa kupenda. Mvua ilikuwa imeshusha mlima juu ya nyumba yao, wakatoka na sufuria mbili na gunia la nguo, wakashika njia ya kwenda kwa kaka wa Asajile, mwendo wa siku mbili.

Mnaijua safari ya namna hiyo, akina mama? Mtoto analia, na wewe huna la kumwambia, kwa sababu hata wewe unataka kulia.

Jioni ya siku ya kwanza walifika kwenye daraja la miti. Mbeleko ya Ipyana ilikuwa imelowa chapachapa, mtoto amekuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Mama mmoja wa nyumba ya jirani na daraja akatoka, akamtazama mtoto, akavua kanga aliyojitanda mabegani. Akabaki na ile ya kiunoni. Alisema neno moja tu, "Mfunike," akarudi ndani kuwatandikia mkeka.

Walifika walikokwenda. Wakapewa chumba, maisha yakaendelea kwa kujikokota. Tumpe akaogopa kwamba watoto watasahau. Ndipo alipoanza kushona shuka la viraka, ramani ya safari ile. Kaptula ya shule ya Lusajo iliyochanika ikawa mto. Shati la kijani la Asajile likawa vilima vya chai. Fundi cherehani wa jirani alimwekea vipande vilivyobaki, akimchagulia vile visivyochuja rangi. Njia yenyewe aliishona kwa uzi mwekundu, kidogo kidogo, mchana mtoto akilala, baada ya kuchota maji, kufua, kupika na kumkanda mama mkwe magoti. Siku nyingine alishona sindano tatu akasinzia ameketi. Miezi minane ikapita hivyo.

Sehemu moja tu ilibaki: nyumba ya yule mama wa darajani. Tumpe alitaka aishone kwa kanga yake yenyewe. Akaitandika mkekani, akaichora kwa chaki, akachukua mkasi.

Bibi Subilaga, aliyekuwa akichambua maharage, akaweka kiganja chake juu ya kanga.

"Mama Lusajo, hii ina mwenzake."

"Najua, mama. Nataka tumkumbuke."

"Tungekuwa tunamkumbuka, asingekuwa anajifunga kipande kimoja cha doti miezi yote hii. Sasa unamjengea nyumba ya kitambaa. Atalala humo?"

Tumpe akajaribu kucheka, kicheko kikagoma. Akaeleza kwamba kazi ni nyingi, mtoto bado ananyonya, na mwili wenyewe umechoka. Yote yalikuwa kweli, na mama mkwe hakubisha hata moja. Mwishowe akasema, "Na tena ni mbali, mama. Hata njia sijui kama naikumbuka."

Bibi Subilaga akalitazama shuka, mto wake, vilima vyake, na ule uzi mwekundu unaopita katikati. Akauliza taratibu, "Na hii umeshona nini?"

Tumpe akaweka mkasi chini.

Ndugu zangu, mimi sitamcheka Tumpe. Alikuwa amechoka, na uchovu wa mama tunaujua sisi tulioketi hapa. Lakini niwaulize: ramani kazi yake ni nini? Ni ya kutundika ukutani, au ni ya kutufikisha kwa mtu?

Maana sisi ndio hodari wa kushona. Tunasimama hapa kutoa ushuhuda: nilipougua fulani aliniuguza, nilipofiwa fulani alinipikia wiki nzima. Tunalia, wenzetu wanalia nasi, tunakaa chini tukiona tumeshukuru. Na huyo fulani yuko kwake, bega likipigwa na baridi, wala hajui kwamba anatajwa. Jina lake tunalo. Nyumba yake tunaijua. Kitu chake bado kimo sandukuni mwetu. Ni miguu tu ambayo hatujaituma.

Basi leo, kabla hujamsimulia mtu mwingine wema uliotendewa, jiulize ni lini mara ya mwisho ulibisha hodi mlangoni kwa aliyekutendea. Kama umechoka, nenda umechoka hivyo hivyo. Yeye naye alikuwa amechoka siku ile.

Tumpe alikwenda Alhamisi, Ipyana mgongoni. Yule mama hakumkumbuka. Alisema siku ile ya mvua walipita watu wengi. Alipokea kanga yake, akaingia jikoni kuwakorogea uji.