Hondohondo wa Shamba la Kadzo

Sogeeni, hadithi imeiva. Atakayesinzia atakula kiporo kesho.

Zimwi lilikuwa limekula msitu wote wa Kadzo, mjane mwenye shamba. Kadzo akapanda miche, zimwi likaing'oa. Akapanda tena, likaing'oa. Akapanda mara ya tatu, likaing'oa na kucheka.

"Umechoka, mama?"

"Utachoka wewe!"

Hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa waliokosa makao, wakamwambia Kadzo, "Tupe pa kutua, nasi tutakupa msitu."

Kadzo akasimika nguzo za miti mikavu shamba zima. Zimwi likapita, likaangua kicheko. "Sasa unapanda kuni!" Wala halikuzigusa.

Hondohondo wakatua juu ya nguzo, wakanya mbegu za matunda waliyokula mbali. Baada ya masika matatu, msitu ukasimama.

Zimwi likaja mbio. Kila liliponyofoa mti mmoja, mitatu iliota nyuma yake.

"Nani anapanda?" likanguruma.

"Wenzangu. Tazama juu!"

Likatazama. Hondohondo mmoja akalinyea usoni. Papo hapo mkuyu ukachipua kwenye paji lake, mizizi ikateremka mpaka ardhini, ikalifunga miguu na mikono.

Kadzo akashika kiuno. "Wewe si fundi wa kung'oa? Haya, jing'oe!"