Kitufe cha Pazuri Zaidi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Wewe ndiye uliyekuwapo, sisi tulikuwa bado njiani!
Basi sogeeni. Mwenye simu mkononi aigeuze kifudifudi.
Imegeuka!
Na ikilia?
Ilie tu, hatuna mgonjwa!

Hapo kale, lakini si kale sana, kale ya juzijuzi, wanyama walipokuwa wameshajua kushika simu na bado hawajajua kuiweka chini, palikuwa na Nguchiro mmoja, mama wa watoto wanne. Majirani walimwita Bi Kiherehere, kwa sababu hakujua kutulia. Akila, anatembea. Akinywa, anatazama nyuma. Akilala, mkia unacheza. Aliishi na wanawe ndani ya kichuguu karibu na chemchemi, na kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za simu. Ile programu ya Wapi Leo, inayomwonyesha Swala majani yameota wapi na Kanga mchwa wametoka wapi, fundi wake ni yeye.

Chemchemi ile ilikuwa nzuri, jamani. Maji mangavu, mayungiyungi meupe, na jiwe moja lenye rangi ya embe bivu. Siku moja Korongo akajipiga picha pale, akairusha mtandaoni. Lo! Kesho yake asubuhi ardhi ikatetemeka. Du! Du! Du! Huyo anakuja Kiboko, simu inaning'inia shingoni.

Kiboko huyu alikuwa na ugonjwa wa picha. Kila mahali pazuri alipopaona, alitaka pawe pake. Alilala kwenye maua ya bondeni, maua yakawa matope. Alilala kwenye maporomoko ya maji, maporomoko yakaziba. Sasa akajitupa chemchemini, chubwi! Akajipiga picha, kacha! Kisha akafanya humo majini yale ambayo viboko hufanya, huku mkia ukitawanya, fya fya fya, mpaka mayungiyungi yakabadilika rangi.

"Hapa pangu," akasema. "Mwenye kiu anywe hayahaya."

Wakanywa, wangefanyaje? Siku ya tatu Kanga akaja mbio kwenye kichuguu, manyoya yamemsimama.

"Jirani, vifaranga wangu wawili hawawezi kusimama. Matumbo! Maji yale yatatumaliza."

"Nakwenda kumwona," akasema Nguchiro, na miguu yake ilikuwa imeshatangulia.

Akafika ukingoni, akainama.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa Wapi Leo?"

"Ndimi."

"Programu yako ni ya walafi. Majani, mchwa, majani, mchwa. Mimi nataka kitufe. Nikikibonyeza, kinionyeshe kila pazuri palipo karibu, panapotoka vizuri kwenye picha. Pote! Na nione mimi peke yangu."

"Na ukishapaona?"

"Nitakwenda nikalale." Kiboko akapiga mwayo, meno yakaonekana kama magogo. "Nakupa siku mbili. Usipokileta, nitakuja kulala juu ya kichuguu chako. Nasikia kimeota maua ya manjano. Kinatoka vizuri."

Nguchiro akarudi mbio. Akawahesabu wanawe, mmoja, wawili, watatu, wanne. Akawahesabu tena. Kisha akatoka, maana ndani ya kichuguu pumzi haikumtosha.

Akaenda kwa Swala. "Pazuri ni wapi?"

"Pale unapoona mbali," akasema Swala.

Akaenda kwa Kanga. "Pazuri ni wapi?"

"Pale usipoonekana," akasema Kanga.

Akamwuliza Dundu, yule anayevingirisha mavi. Dundu hata hakusimama. "Pale alipopita Nyati asubuhi," akasema, akaendelea na safari yake.

Nguchiro akafungua ramani kwenye simu. Akaweka alama kwenye kilima cha Swala. Akaliona akilini tumbo la Kiboko juu ya kilima, akaifuta. Akaweka alama kwenye kichaka cha Kanga. Akasikia mayai yakipasuka, pwa pwa pwa, akaifuta. Akaweka, akafuta. Akaweka, akafuta. Akionyesha pazuri, pataharibiwa. Akionyesha pabaya, yeye atakanyagwa. Jua likageuka, na ramani bado nyeupe.

Akakimbilia kwenye matete ya chemchemi, akajificha, akamtazama Kiboko. Kiboko akajipiga picha. Kacha! Akaitazama, akafurahi, furaha ya muda wa kupiga chafya. Kisha akainua kichwa, akageuka huku na huku. "Hivi hakuna panapopita hapa?" Kacha! Akafurahi. Akainua kichwa. "Hivi hakuna panapopita hapa?"

"Ala!" akasema Nguchiro moyoni. "Huyu hataki pazuri. Huyu anataka pazuri zaidi."

Akarudi kwenye kichuguu, akafanya kazi hata chakula akakisahau. Siku ya pili jioni akapeleka kitufe.

"Bonyeza, Bwana Mkubwa."

Kiboko akabonyeza. Ting! Mshale ukatokea, simu ikasema: Hapa pazuri. Mbele kidogo, pazuri zaidi.

Kiboko akacheka mpaka maji yakaruka. "Vyema. Kesho alfajiri tunakwenda."

"Tunakwenda?"

"Wewe unatangulia. Tukifika mahali pabaya, nakukanyaga hapohapo."

Hilo Nguchiro hakuwa amelitia kwenye hesabu. Alfajiri akawaacha wanawe kwa Kanga, akashika njia, nyuma yake du! du! du!

Wakafika kwenye mgunga mmoja uliopinda. Kiboko akajipiga picha, kacha! Simu, ting! Hapa pazuri. Mbele kidogo, pazuri zaidi. Kabla hajawaza kulala, ameshanyanyua mguu. Wakafika kwenye mawe mawili yaliyobebana. Kacha! Ting! Hapa pazuri. Mbele kidogo, pazuri zaidi. Twende! Nguchiro anakimbia mbele, Kiboko anahema nyuma. Chemchemi ikabaki mbali, kilima cha Swala kikawa kidogo kama chungu kilichofunikwa.

Jua likapanda. Wakatokea kwenye uwanja mweupe wa magadi. Majani hakuna. Jiwe hakuna. Hata nzi hakuna.

Kiboko akasimama. "Hapa pana nini?"

Nguchiro akasikia kivuli cha ule mguu mgongoni mwake. Akageuka.

"Hapana kitu, Bwana Mkubwa."

"Hapana kitu?"

"Ndiyo uzuri wake. Pale kwenye mti, nani alitazamwa? Nusu wewe, nusu mti. Hapa nani mwingine atatazamwa?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda, na muda wote huo Nguchiro hakupumua.

"Kweli," akasema. Kacha! Akaipenda ile kuliko zote. Ting! Mbele kidogo, pazuri zaidi.

Adhuhuri ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka. Lile jasho lake jekundu likamtoka, likamtiririka mbavuni.

"Naungua," akasema. "Turudi majini."

"Turudi, Bwana Mkubwa. Ila rangi hiyo nyekundu, kwa mwanga huu! Basi tu, turudi."

"Imekaaje?"

"Tuliache. Unaungua."

"Imekaaje, nakuuliza!"

Kacha! Ting! Wakaendelea.

Nguchiro naye alikuwa hoi. Nyayo zimemchubuka, ulimi nje, na moyo wake uko kwa wanawe. Je, Kanga amewaweka kivulini? Je, wamekunywa yale maji? Alijua kwamba mbele, uwanda ukiisha, upo Mto Mkuu. Aliuelekeza kule kila mshale wa kitufe chake. Lakini hakujua kama miguu yake itafika.

Alasiri Kiboko akajipiga picha juu ya kichuguu kikavu. Kacha! Akasubiri. Kimya. Akabonyeza. Kimya. Akaitikisa simu, akainusa. Chaji imekwisha.

"Mbele ni wapi?" akauliza.

Nguchiro akarudi nyuma hatua moja.

"Nyuma je? Chemchemi yangu iko upande gani?" Akageuka huku, akageuka kule. Njia hakuijua, maana siku nzima hakuitazama. Alikuwa akijitazama yeye. Akamkazia macho Nguchiro, macho mekundu kama jasho lake. "Wewe! Umenileta huku kunikausha!"

Akanyanyua mguu. Nguchiro akaruka upande, puu! Vumbi tupu. Akanyanyua tena. Nguchiro akaruka, safari hii mguu wake wa nyuma ukateleza, akaanguka chali. Akauona unyayo unashuka, mpana kama ungo. Akafumba macho, akaanza kuwahesabu wanawe.

Akafika wa nne. Akafumbua macho. Unyayo ulikuwa umebaki hewani, na pua za Kiboko zimetanuka. Upepo ulikuwa umeleta harufu ya maji.

Kiboko akasahau hasira, akasahau Nguchiro, akatimua mbio. Du du du du du! Akateremka ukingo mzima mzima, chubwi!

Mtoni mlikuwa na viboko arobaini, na mdogo wao alimzidi yeye kimo.

"Nani huyu?" akauliza mmoja.

"Hapa pangu," akasema Kiboko kwa mazoea.

Viboko arobaini wakacheka, maji yakapanda na kushuka. "Sogea kule kwenye kina kifupi," wakamwambia. "Sogea tena. Tena kidogo." Wakamsogeza mpaka akabaki mahali pa kulowesha tumbo na sikio moja. Akakaa hapo, na yuko hapo.

Nguchiro akalamba nyayo, akageuza njia. Akatembea, akapumzika kwa kutembea polepole, akafika nyumbani kesho yake jua likiwa juu. Chemchemi ilikuwa inajisafisha, maji mapya yanasukuma ya zamani, blu, blu, blu. Vifaranga wote wa Kanga walikuwa wima. Wanawe wanne wakamrukia, akaanguka nao, na hakuna aliyemwona akilia isipokuwa Kanga, na Kanga hakusema.

Baadaye Kanga akaja na simu yake. "Jirani, na sisi tupe kile kitufe. Nataka nione hapa petu kinapaitaje."

"Kimo ndani ya Wapi Leo, tafuta," akasema Nguchiro.

Kanga akaifungua ramani. Akakiona kilima, akauona mgunga, akayaona mawe mawili yaliyobebana. Penye chemchemi pameandikwa: Kinamasi, mbu wengi, usipite.

"Huu si uongo?" akauliza Kanga.

"Mbu wapo," akasema Nguchiro, akapiga mmoja shavuni mwake, pa!

Basi wenzangu, funzo ni nini? Funzo ni kumtii mkubwa na kusema kweli daima. Nguchiro aliambiwa aonyeshe pazuri, akaonyesha. Akaambiwa atangulie, akatangulia. Heshima zake ndizo zilizomwokoa. Anayesema ni ujanja hakunisikiliza vizuri.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni, nitaimalizia mwenyewe na chai.