Mkoba wa Betri za Mzee Mfinanga

Hapo zamani, na mtu asinikatize kwamba zamani hapakuwa na betri, zamani yangu mimi ni ya juzijuzi, alikuwako mkulima wa tangawizi milimani, Mzee Mfinanga. Moyo wake ulichoka. Hospitalini wakamtia pampu kifuani imsaidie kusukuma damu. Waya ulitokea ubavuni ukaingia kwenye mkoba wa betri begani. Mkewe, Nakiete, ndiye aliyezichaji kila siku.

Mzee akaishi, lakini kwa kuhema. Hatua kumi, anakaa.

Bintiye Eliwaza akachumbiwa. Na watu wa mlima ule wana desturi yao: baba humsindikiza bibi harusi kwa miguu hadi mpakani mwa kijiji, chini bondeni, kisha hupanda mlima kurudi bila kushikwa mkono. Akishindwa, mjomba hushika nafasi yake. Mjomba huyo, kaka yake Nakiete, alishasema mbele za watu kuwa dada yake ameolewa na maiti ya kuchaji.

Eliwaza akamwendea Daktari Nangasu. "Daktari, nakuomba, iongeze kasi hiyo pampu. Namtaka baba yangu, simtaki mjomba."

Daktari akasita. "Dada, pampu ikienda kasi mno inaivuta damu yote yenyewe. Mlango wa moyo wa kutolea damu unakosa kazi, unakaa umefungwa siku nenda rudi, mwishowe unaharibika na kuvuja. Nitaiongeza kwa wiki moja tu. Harusi ikiisha, mlete niipunguze."

"Haki ya Mungu nitamleta."

Mzee akashuka mlima, akapanda mlima. Vigelegele mpaka sauti zikakauka! Mjomba akatazama pembeni.

Wiki ikaisha. Eliwaza akaja, akamkuta baba shambani na jembe.

"Baba, twende hospitali."

"Nikarudishiwe kuhema? Thubutu!"

Eliwaza akarudi kwa mumewe. Daktari naye akaona mgonjwa hajaja, akasema atapiga simu kesho. Kesho hiyo mpaka leo haijafika.

Mwezi wa tano baada ya harusi miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Vipimo vikaonyesha mlango umelegea: pampu inasukuma damu mbele, mlango unairudisha, pampu inaisukuma tena, damu ileile inazunguka bure na mwili una njaa. Kumpasua tena hakukuwezekana. Mzee akafa, na betri zimejaa.

Baada ya mazishi Nakiete akautupa mkoba katikati ya ua. "Mwenye kosa autoe nyumbani kwangu."

"Mimi nilionya, mama," akasema Daktari.

"Ulionya. Na mkono ulioongeza kasi ulikuwa wa nani?"

Eliwaza akalia. "Mimi niliomba wiki, sikuomba miezi. Baba alikataa mwenyewe!"

"Basi kosa ni la marehemu," akadakia mjomba.

Nakiete akamgeukia kaka yake. "Wewe nyamaza! Ni ulimi wako uliompandisha mlima."

Ndipo Eliwaza akafuta machozi. "Na wewe, mama? Miguu uliiona ikivimba kabla yetu sote. Ukaikanda kwa maji ya chumvi, ukakaa kimya."

Nakiete akakaa chini. "Niliiona. Lakini alikuwa ameanza tena kuniimbia jikoni, mwanangu. Miaka miwili nilikuwa na mgonjwa, sikuwa na mume. Ningemrudishaje?"

Mkoba bado uko pale uani, kuku wanauruka.

Haya, msiniinamishie vichwa. Kila mmoja wao alimpenda, ukimtoa mjomba. Je, ni nani aubebe?