Mikono Mitatu, Kiti Kimoja

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne, waongoza watalii wanne kutoka Marangu, chini ya Kilimanjaro, walikuwa wakinywa chai mbele ya mahema yao katika milima ya Himalaya, mita 4,950 juu ya usawa wa bahari. Ilikuwa siku yao ya tisa. Waongozaji wenzao wa Nepali walikuwa wamewaalika waje waone mlima wa wengine.

Kila mmoja alikuwa na lake. Nderingo alijua kifua kwa kukisikiliza. Mgeni akikohoa hema la tatu, yeye alisema huyu ni vumbi tu, yule ashushwe. Aikande alikuwa na mguu usiochoka; hatua yake ya kwanza na ya elfu kumi zililingana. Elisaria, mkubwa wao, hakusahau mahali alipopita mara moja. Wa nne, Aminiel, alikuwa na mdomo. Alichekesha.

Asubuhi hiyo alimtania Aikande. "Dada, atakayekuoa atahitaji baiskeli." Akacheka. Kicheko kikakatika katikati.

Nderingo akaweka kikombe chini. "Cheka tena."

"Kwani mimi redio?"

"Cheka, bwana."

Akacheka. Nderingo akaweka sikio mgongoni pake. Ndani kulikuwa kunachemka kama sufuria ya maharage.

"Maji yameingia mapafuni," alisema. "Leo hatupandi."

Mpango ulikuwa kuuvuka mlima na kushuka upande wa pili, ambako wenyeji wao wa Nepali walikuwa wametangulia na mizigo. Wangepanda, Aminiel angefia njiani. Kurudi walikotoka hakukuwezekana. Theluji ilikuwa imeporomoka na kuziba njia. Nderingo akambeba mgongoni, akapita naye juu ya mawe nusu kilomita hadi kwenye uwanda, mahali pekee ambapo helikopta ingeweza kutua. Alipomtua, naye alikuwa anakohoa.

Aikande akafungua mfuko wa hewa. Mgonjwa hufungiwa ndani yake, hewa ikasukumwa kwa pampu ya mguu, na mwili ukadhani umeshuka bondeni. Pampu ikisimama, mgonjwa hukosa hewa. Nderingo alijaribu kupokezana naye, kikohozi kikamwangusha. Kiatu cha Aikande kilikuwa kinateleza juu ya pampu yenye barafu. Akakivua, akasukuma kwa soksi. Alianza saa mbili na nusu. Saa nne aliacha kuhisi vidole vya mguu huo. Pampu hakuiacha.

Elisaria alichukua simu ya upepo. Pale uwandani haikushika. Alikumbuka kwamba jana yake ilikoroma mara moja tu, walipopita kwenye ukingo wa mwamba ulio juu ya kambi. Akapanda huko peke yake. Miwani yake ikaganda barafu, akaivua ili aone njia, na mng'ao wa jua juu ya theluji ukamchoma macho. Saa nne na robo sauti yake ilipokelewa na kituo cha uokoaji: "Tuko wanne. Mgonjwa mmoja."

Saa saba alirudi akipapasa. Macho yalikuwa yamevimba, hayafunguki.

Helikopta ilitua saa nane kasoro dakika kumi. Rubani hakuzima injini. Wakamwingiza Aminiel, akiwa hai, midomo yake ikitaka kusema kitu. Kelele zilikuwa nyingi, hakuna aliyesikia.

"Hewa ya huku ni nyepesi," rubani akapaza sauti. "Nachukua mgonjwa na mtu mmoja. Ukungu unapanda. Dakika tatu."

Hali yao waliijua wote. Kifua cha Nderingo kilikuwa kinafuata cha Aminiel. Vidole vya Aikande vingekatwa visipotibiwa. Elisaria alikuwa haoni, na pembeni mwa uwanda kulikuwa na korongo. Mfuko wa hewa ungebaki, lakini mguu wa kuusukuma ulikuwa umeganda.

Kazi ya Marangu ina sheria ambayo haikuandikwa popote: anayeongoza hushuka nyuma ya watu wake. Siku hiyo watu wenyewe wote walikuwa waongozaji.

"Aikande, panda," Nderingo alisema.

"Kwa nini mimi? Kwa kuwa mwanamke? Kwenye pampu hamkuniuliza."

"Kwa sababu ya mguu, dada!"

"Mguu hauniui leo. Kaka Elisaria haoni. Tutamwachaje hapa?"

"Mimi ndiye mkubwa wenu," Elisaria akasema. "Mkubwa hushuka mwisho. Apande huyo anayekohoa."

"Hapa kila mtu mkubwa," Nderingo akajibu, kikohozi kikamkata.

"Nani?" rubani akauliza tena.

Nderingo akamwonyesha Aikande. Aikande akamwonyesha Elisaria. Elisaria, macho yamefumba, akanyoosha mkono kule kikohozi kilikotoka. Rubani alitazama mikono mitatu. Akatazama bonde. Akafunga mlango.

Saa tisa kasoro robo Aminiel alipokelewa hospitalini akiwa hai. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Saa tisa ukungu ulifunika uwanda wote, na safari za helikopta zikasimamishwa hadi hali ya hewa ibadilike. Taarifa zilizothibitishwa zinaishia hapo.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo, semeni. Bila Nderingo, Aminiel angepanda mlima na kifua kile. Bila Aikande, helikopta ingekuta maiti. Bila Elisaria, hakuna helikopta. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, na kila mmoja kilimponza kilekile alichokitoa.

Rudisheni dakika zile tatu. Injini inanguruma, mlango uko wazi, mikono mitatu iko mbele yako.

Ungekuwa wewe rubani, ungeuvuta mkono wa nani?