Kigingi cha Mwadime

Mfukuza ndege halaumu kimya. Mmelisikia neno hilo leo mkutanoni, yule bwana akirushiwa usoni, nanyi mkacheka hadi machozi. Nimewauliza mnacheka nini, hakuna aliyejua. Haya, endeleeni kumenya hizo njugu, mikono isilale. Neno hilo lina mwanzo wake, na mwanzo wake ni huu.

Hapa Mlegwa, tangu zamani, mtu hajengi kwa kutaka tu. Anayetaka kujenga huwaita wazee wa ardhi, nao huja asubuhi kuhesabu kiwanja: miti, viota, mizinga, hata kidimbwi cha vyura. Kila kilichohesabiwa, mjenzi atakirudisha papo hapo, na kimoja juu yake. Akiangusha miti kumi, atapanda kumi na mmoja. Na haruhusiwi kuezeka mpaka miche ishike. Wazee wakiridhika, wanampigia kigingi cha mti mgumu pembeni mwa kiwanja. Kigingi hicho ndicho kibali.

Basi, alikuwapo mtu akiitwa Mwadime, fundi wa mawe. Mkewe, Wakesho, alifariki akamwacha katika kibanda kinachovuja, na binti yao mmoja, Mkabili, alikuwa ameolewa mbali kule tambarare. Nyuma ya kibanda palikuwa na kichaka kikubwa: mkuyu, miforosadi, miiba iliyosongamana, mzinga wa nyuki, na ndege msiowahi kuwaona kwa wingi huo. Mmoja wao alikuwa kurumbiza, yule ndege mdogo anayeimba kabla jua halijatoka. Wakesho alikuwa na mchezo wake. Kurumbiza akiimba, yeye hupiga mluzi kumjibu, kisha husema, "Haya, tumeamka!" Ndipo anakwenda kuwasha moto.

Alipokufa Wakesho, Mwadime akajikuta anasema yeye. Ndege anaimba, naye kitandani anaguna, "Haya, tumeamka." Hakulifikiria. Alijiona mtu mpweke kabisa, asiye na wa kuzungumza naye.

Siku moja Mkabili akaleta salamu kwa mtu apitaye: "Mwambieni baba, mume wangu yuko safarini na ng'ombe mwaka mzima. Baba akipata nyumba isiyovuja, baada ya mavuno nitakuja na mwanangu tukae naye."

Lo! Mwadime alilia kwa furaha. Kisha akapiga hesabu. Kichaka kile, wazee wakikihesabu, kitampa miche mingi. Mingi hivyo kushika yote ni masika mawili. Mavuno yalikuwa yamebaki miezi mitano. Naye Mkabili akikawia, si atabadili nia?

Fundi hakosi ujanja, lakini huu ulikuwa ujanja wa mtu mwenye hofu. Kabla ya kuwaita wazee, alishika shoka na panga. Siku nne alifyeka, aking'oa, akichoma. Nyuki wakahama. Kidimbwi akakijaza udongo. Siku ya tano kiwanja kilikuwa kitupu, kimesawazishwa vizuri, na hapo ndipo akawaita wazee.

Mzee wa ardhi wakati ule alikuwa Shako, mtu wa maneno machache. Alisimama akatazama majivu.

"Mwadime, hapa pana nini?"

"Hapana kitu, mzee. Kama unavyoona mwenyewe."

"Hapana kitu?"

"Hata kiota."

Wazee wakatazamana. Wote walikijua kichaka kile, lakini desturi ilisema kihesabiwe kilichopo siku ile, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba mtu angefanya hivyo. Shako akashusha pumzi. "Hakuna, na kimoja juu yake, ni kimoja. Panda mti mmoja." Mwadime akapanda palepale kijiti cha mforosadi, mti ushikao upesi; kikachipua mwezi huohuo, na kigingi kikapigwa.

Nyumba ikapanda ya mawe, nzuri ajabu, mpaka watu wakaja kuigusa. Usiku wa kwanza alilala fofofo. Alipoamka, jua lilikuwa limeshafika kizingitini, maana hakuna aliyemwamsha. "Haya, tumeamka," akasema. Sauti ikagonga ukuta ikamrudia. Mwadime akaketi kitandani, akasikiliza, asijue anasubiri nini.

Baada ya mavuno Mkabili akaja kweli, amebeba mikeka na sufuria kama mtu wa kukaa. Mtoto wake, msichana wa miaka mitano, hakuingia hata ndani. Alizunguka nyumba mara mbili, akarudi.

"Babu, yuko wapi ndege wa bibi? Yule anayemjibu?"

Mkabili akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba, akasimama juu ya ule udongo uliosawazishwa, muda mrefu. Aliporudi hakugomba. Afadhali angegomba!

Alikaa siku tatu. Vumbi likiingia, viwavi wakila kunde zote bila wa kuwadonoa, na asubuhi kimya kama cha matanga. Siku ya nne akafunga mikeka yake.

"Mwanangu, nyumba nimekujengea wewe," Mwadime akasema.

"Najua, baba. Lakini nyumba hata kule ninayo. Mimi nilikuwa nakuja pale mama alipokuwa akiamkia." Akambusu mkono, akaondoka na mtoto wake.

Mwadime alivumilia wiki mbili. Kisha akamwendea Shako. "Mzee, mmenipa kibali cha mahali palipokufa! Kimya kile kitaniua!"

Shako akamwambia, "Mwadime, mfukuza ndege halaumu kimya."

"Basi njooni mhesabu upya."

"Tuhesabu nini? Tulikuja, ukasema hapana kitu. Anayejua hesabu ya vilivyokuwapo ni wewe peke yako."

Akarudi. Akaketi uwanjani, akaanza kukumbuka. Huu ulikuwa mkuyu, akaweka jiwe. Hapa kiota cha mnana, akaweka jiwe. Hapa nyuki. Kila jiwe lilimwuma. Yalifika thelathini na tisa, akapanda miche arobaini. Maji aliyateka mtoni, mtungi begani. Mingi ilikufa, akapanda mingine. Watu walipita, wakamsalimia, wakaenda zao. Miaka saba mtu yule hakuwa na mazungumzo ila na miche.

Mwaka wa nane, alfajiri moja, kurumbiza akatua juu ya kigingi. Akaimba mara moja. Mwadime akatoka mbio, akajaribu mluzi wa Wakesho, midomo ikatoa hewa tupu. Ndege akaruka akaenda. Hata hivyo akatuma salamu tambarare: "Mwambieni Mkabili, amepita."

Salamu zilichukua mwezi kufika. Mkabili alipowasili, majirani walikuwa wameshamzika baba yake siku tisa nyuma. Alikuta nyumba imefungwa, miche arobaini imesimama, udongo wake bado una alama ya maji. Na ule mforosadi wa kwanza, mti mmoja wa kigingi, ulikuwa na kiota.

Alilala humo peke yake. Alfajiri kurumbiza akaimba. Mkabili akapiga mluzi, maana mama alikuwa amemfundisha. Ndege akajibu. "Haya, tumeamka," Mkabili akasema, na ndipo alipomlilia baba yake.

Tangu hapo wazee wa Mlegwa huhesabu hata visiki na majivu, na huwauliza majirani kwanza. Ndivyo alivyonaswa yule bwana wa leo, amefyeka usiku akidhani hatuna macho.

Mfukuza ndege halaumu kimya. Haya, chekeni sasa niwasikie.